Lugalo hadi Goma: Kwa nini M23 walipigwa 2013 na bado wamerudi?

Ukitaja Lugalo leo, wengi wanafikiria kambi ya jeshi na hospitali yake pale Dar es Salaam. Jina lenyewe limetoka Iringa. Huko, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliuvizia msafara wa Wajerumani wa Emil von Zelewski. Walijilaza kwenye majani na mawe, wakasubiri msafara uingie njia nyembamba huku mizinga ikiwa bado ni mizigo. Ndani ya dakika chache Zelewski alikuwa amekufa, na karibu watu 300 wa msafara wake pia.

Ushindi ule si mchezo. Lakini baada yake Mkwawa akaamini ukuta. Aliimarisha ngome ya Kalenga, na hapo ndipo Wajerumani walipompata kirahisi: mtu wa kuvizia akikaa sehemu moja, mzinga unajua pa kulenga. Kalenga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894.

Yeye akatoroka, akaanza vita vya msituni vilivyodumu karibu miaka minne. Alilishwa na nani? Wanakijiji. Wajerumani walilielewa hilo, wakaacha kumkimbiza yeye tu na kuanza kukimbiza chakula chake. Walichoma mashamba, wakachukua mifugo, wakaweka zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Julai 1898 Mkwawa akajipiga risasi. Aliyeumia kabla yake ni mama wa kijijini aliyebaki bila ghala.

Sasa njoo Kongo. Mwaka 2013 Brigedi ya Umoja wa Mataifa, yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ililisaidia jeshi la Kongo kuwapiga M23. Novemba mwaka huo waasi wakakimbilia Uganda na Rwanda. Huku kwetu tulishangilia, na tulikuwa na haki.

Ila tumbo lao halikuguswa. Mwishoni mwa 2021 wakaibuka tena. Aprili 2024 wakashika Rubaya, kwenye machimbo ya koltani, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba ushuru wa pale unawaingizia kama dola 800,000 kwa mwezi. Wataalamu haohao wanasema Rwanda inawasaidia kwa askari na silaha. Kigali inakana. Mkwawa alitegemea mahindi ya jirani. Hawa wana madini na mpaka nyuma yao. Huwezi kuchoma mpaka.

Januari 2025 wakaingia Goma, Februari Bukavu. JWTZ ilitangaza vifo vya wanajeshi wetu wawili, na Machi SADC ikaamua kuondoa kikosi chake. Mambo haya yanafika mpaka Lingeka na Bariadi, maana gwanda la JWTZ linavaliwa na watoto wa wakulima wa pamba kama wa mkoa mwingine wowote.

Hapa ndipo naona jambo ambalo halisemwi sana. M23 nao sasa wana Kalenga yao. Walipokuwa milimani, kazi yao ilikuwa kupiga na kupotea. Wakiwa mjini wanaulizwa kuhusu benki zilizofungwa, uwanja wa ndege uliosimama, umeme na maji. Wanaovizia sasa ni Wazalendo, vikundi vya wenyeji vinavyoiunga mkono Kinshasa. Vikundi hivyo navyo vinakula kijijini, na mkulima wa Masisi analipishwa pande zote mbili.

Kwa hiyo habari za mazungumzo ya Doha zikija kwenye simu yako, usihangaike sana na picha za kupeana mikono. Tafuta kipengele kimoja: nani atakusanya ushuru Rubaya, na nani atalinda njia ya kutoka hapo hadi mpakani.