Ndoo, mpira na sindano vyatosha bustani ya nyumbani

Kiangazi kikikolea Dodoma na Singida, ambako mvua hukatika Aprili na kurudi mwishoni mwa mwaka, suluhisho linalopendekezwa mara nyingi ni kugawia wananchi vifaa vya umwagiliaji wa matone. Nia ni njema, ila naona tunaanzia mwisho. Bustani ya matuta mawili matatu nyuma ya nyumba haihitaji kifaa cha kuletewa. Inahitaji mtambo uliotengenezwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa vitu vinavyouzwa dukani mtaani kwake, ili ukiharibika asingoje mtu.

Hesabu yenyewe haitishi. Penye jua kali, mboga na udongo wake hupoteza kama milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita 1 kwa 4 linadai ndoo moja ya lita 20. Ukiimwaga ndoo hiyo kwa keni mchana, sehemu hukauka juu ya udongo na nyingine hunywesha magugu. Ndoo ile ile ikiwekwa juu ya kichanja cha mita 1, maji hushuka kwa uzito wake, bila pampu, hadi kwenye mpira uliotobolewa penye kila mche. Ufundi wote uko kwenye tundu. Litobolewe kwa sindano iliyopashwa moto, maana tundu la msumari humaliza maji kwenye miche ya mwanzo. Tuta nalo lisawazishwe, la sivyo upande wa bondeni utakunywa peke yake. Toleo la ndoo liwe sentimita chache juu ya kitako ili tope litulie chini, mdomoni pafungwe kipande cha kanga kuukuu, na ncha ya mpira ikunjwe na kufungwa kwa kamba, ili mara moja kwa wiki ifunguliwe uchafu utoke. Juu ya tuta tandaza nyasi kavu.

Watasema matundu yataziba. Yataziba kweli, na hata ya kiwandani huziba. Cha kuuliza ni nani anajua kuyazibua. Miaka ya 2000 huko Zimbabwe, mashirika ya misaada yaligawa vifaa vya matone kwa maelfu ya kaya maskini, na watafiti waliofuatilia walikuta vingi vimeachwa baada ya misimu michache. Maji yalikuwa mbali, na msaada wa kiufundi ulikuwa haba. Hilo la kwanza hata mpira wa nyumbani hauliponyi: anayebeba dumu kilomita nzima ataendelea kulibeba. Lakini la pili linapungua sana kwa aliyetoboa mpira wake mwenyewe, kwa sababu sindano bado anayo. Wapo pia watakaosema matone ya mpira wa kutobolewa hayalingani mche kwa mche. Ni kweli hayalingani, na kwa shamba la nyanya la eka moja hiyo ni hasara. Huko nunua mpira wa kiwandani, tena bila kusita. Kwa mchicha na sukuma wiki ya familia, tofauti hiyo haimnyimi mtu mboga.

Asiye na hata mpira, anao wafinyanzi. Chungu kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kikifukiwa hadi shingoni katikati ya tuta na kujazwa maji, hupitisha maji kwenye kuta zake kadiri udongo unavyokauka. Udongo ukilowa, mvujo hupungua wenyewe. Wachina waliandika kuhusu njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, katika kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi. Kifunikwe tu, mbu wasitagie humo. Nashangaa kwamba kinatajwa kwa nadra tunapozungumzia umwagiliaji, ilhali vyungu vimejaa masokoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri ni dogo: kabla ya kuagiza vifaa, mpeni afisa ugani ndoo, mpira na sindano, akafundishe kijijini kwa siku moja, kila kaya itoboe wake. Mkishaona ni wangapi bado wanautumia msimu wa pili, ndipo muamue kama kuna haja ya kununua kingine.