Siku Tuliposhika Bunduki

Mwezi huu tunawasimulia jambo ambalo hatukutazamia kulifanya maishani: tumeshika bunduki. Msishtuke! Haikuwa ya vita wala ya kuwindia. Ilikuwa bunduki ya hewa, ile ya kulengea shabaha michezoni.

Usharika wetu una urafiki wa miaka mingi na usharika mmoja wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mwaka jana tulikwenda kuwatembelea, akina mama watano. Jioni moja mama mwenyeji wetu, ambaye zamani alifanya kazi Tanzania na anajua Kiswahili, akatupeleka kwenye chama cha kulenga shabaha cha kijiji chao. Vyama hivi ni vya siku nyingi huko, na hukusanya baba, mama, vijana na wazee.

Tulipoona bunduki zimepangwa mezani, sisi tunaoandika ukurasa huu tulitaka kurudi nje. Katika kazi yetu ya uuguzi hatujamsahau mtoto mmoja aliyeletwa wodini usiku, jicho limepasuka kwa jiwe la manati. Aliyempiga ni kaka yake. Walikuwa wakicheza tu. Kaka yule alisimama mlangoni akilia kuliko mgonjwa. Jicho halikupona.

Mzee msimamizi hakutucheka. Kabla hatujagusa kitu alitupa kanuni, na mama mwenyeji akazitafsiri. Mdomo wa bunduki uelekee kwenye shabaha wakati wote. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama umeiona tupu. Kidole kisiguse chuma cha kufyatulia mpaka umekwisha kulenga. Asiyepiga hupitisha uzi wa rangi ndani ya mtutu, ili wote waone kuwa hauna kitu. Wala hakuna anayevuka mstari kwenda mbele mpaka wote wameweka bunduki chini.

Shabaha ziko umbali wa mita 10. Karatasi ina duara jeusi, na katikati yake nukta nyeupe yenye upana wa nusu milimita tu. Hiyo ndiyo alama 10. Kirisasi ni cha milimita 4.5, nacho husukumwa na hewa iliyoshindiliwa, bila baruti. Mlio wake si mkubwa. Mchezo huu umo katika Olimpiki tangu mwaka 1984 kule Los Angeles, na wanawake walishindana tangu mwaka huo huo.

Ilipofika zamu yetu, bunduki iliegemezwa juu ya kinara kwa kuwa ni nzito. Tulichungulia katika tundu la kulengea. Ajabu, shabaha ilikuwa inachezacheza! Mzee akasema, "Hayo ni mapigo ya moyo wako, mama." Sisi tuliozoea kuhesabu mapigo ya wagonjwa, siku hiyo tuliyaona ya kwetu kwa macho. Akatufundisha kuvuta pumzi, kuitoa nusu, kutulia, kisha kufinya polepole. Jicho likichoka, shusha, uanze upya. Kirisasi cha kwanza hakikuonekana kilikokwenda. Cha tano kikaingia kwenye alama 7!

Wenzetu wakapiga vigelegele nyuma yetu. Nasi kwa furaha, tukiwa tumekwisha kutia kirisasi cha sita, tukageuka kuwatazama, na bunduki ikageuka pamoja nasi.

Mvulana wa miaka kama 12 aliyekuwa kando yetu akapaza sauti. Mzee akaushika mtutu na kuurudisha mbele. Ilikuwa nukta ya sekunde. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyecheka. Tuliketi, magoti yakitetemeka.

Baadaye tulielezwa kwamba sheria ya Ujerumani humruhusu mtoto wa miaka 12 kulenga kwa bunduki ya hewa chamani, wazazi wakikubali, chini ya usimamizi. Mtoto yule hakuwa na woga kama wetu, lakini mkono wake ulikuwa umezoea kanuni. Sisi tuliingia pale na woga mwingi, na woga ule haukutuzuia kugeuka. Ndipo tukamkumbuka yule kaka mlangoni. Bila shaka alikatazwa mara nyingi, "Acha manati!" Je, kuna aliyewahi kukaa naye akamfundisha pa kutoelekeza?

Akina mama, manati zimo majumbani mwetu. Tukishindwa kuziondoa, basi tuwafundishe watoto, tena na tena: usimwelekezee mtu hata kwa mzaha, tazama kilicho nyuma ya unachokilenga, usipige karibu na nyumba.

Na jicho likichomwa au kupasuka, tafadhali shikeni haya. Msilisugue wala msilioshe. Msichomoe kilichochoma. Msitie dawa yoyote, hata ya kienyeji. Lifunikeni kwa kikombe kidogo kisafi kisichogusa wala kukandamiza jicho, kisha mtoto apelekwe hospitali upesi, saa ile ile.

Karatasi yetu yenye alama 7 tumeileta nyumbani. Wageni wakiisifu, tunawasimulia pia habari za kirisasi cha sita.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.