Kazi ya Akili Nayo ni Mali



Huko Mlingotini, Bagamoyo, wanawake hulima mwani baharini. Wakiuuza mkavu, bei huwa ndogo. Wakiutengenezea sabuni, thamani yake hupanda. Tuliukumbuka mwani huo pale mama mmoja alipotulalamikia kuhusu mwanawe, ambaye hutunga michezo ya kompyuta. "Ni uvivu tu," alisema.

Dada zetu, tusiharakishe kuhukumu. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft, inayotengeneza mashine za michezo ziitwazo Xbox, ilinunua Mojang, kampuni ndogo ya Uswidi iliyotunga mchezo wa Minecraft. Ililipa dola bilioni 2.5. Hapakuwa na shamba wala kiwanda. Kilichonunuliwa ni kazi ya akili. Waanzilishi watatu wakaondoka, na mchezo wao ukabaki kwa mnunuzi.

Basi tuwafundishe watoto wetu mambo mawili. Kipaji ni amana ya Mungu: wakikuze kwa bidii, bila kuacha masomo wala sala. Tena wasitie sahihi mkataba wasiouelewa. Mwanamke wa Mithali 31 aliuza alichofuma, lakini alijua thamani yake.