Ukungu Kiooni, Hatari Barabarani

Katika nchi yetu yenye jua kali ni wachache wanaonunua gari wakauliza kama hita yake inafanya kazi. Muuzaji akisema imeharibika, mnunuzi hucheka na kujibu kwamba joto la Mungu linamtosha. Jibu hilo halina ubaya mkubwa kwa mkazi wa Tanga au Dar es Salaam. Lakini kwa yule aishiye Karatu, au achukuaye jamaa zake kwenda kuitazama Ngorongoro, jibu hilo laweza kugharimu maisha. Leo tukizungumzie chombo hicho kinachodharauliwa, kwa sababu kazi yake kubwa si kutupasha miguu joto, bali ni kumpa dereva macho.

Tuitazame safari yenyewe. Mto wa Mbu uko chini katika Bonde la Ufa, kwenye kimo cha meta zipatazo 1,000 juu ya usawa wa bahari. Karatu iko kwenye meta 1,500 hivi. Ukilipita lango la Lodoare, barabara huingia msituni na kupanda kwa kona nyingi hadi ukingo wa kreta, penye meta zaidi ya 2,200. Kwa kawaida hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000 za kupanda. Basi abiria aliyetoka Mto wa Mbu akijipepea hufika ukingoni akitafuta sweta. Zaidi ya hayo, pepo zenye unyevu kutoka upande wa Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki ya milima hiyo, zikapanda, zikapoa, na unyevu wake ukawa mawingu yanayolala juu ya miti. Ukungu huo ni neema, maana msitu huunasa na kulisha chemchemi zinazonywesha watu na mashamba ya Karatu. Ila neema ya mkulima ni mtihani wa dereva.

Mtihani huo una sehemu mbili, na wengi huzichanganya. Upo ukungu wa nje, ulio njiani, na upo ukungu wa ndani, ulio kiooni. Wa nje hakuna awezaye kuuondoa. Dawa yake ni mwendo mdogo na taa zilizoinamishwa, kwa kuwa taa kubwa hupiga ukungu na mwanga wake ukarudi machoni mwa dereva. Wa ndani tunautengeneza wenyewe. Watu watano waliofunga madirisha hupumua mvuke bila kukoma. Ongeza makoti yaliyolowa, matope miguuni na gunia bichi nyuma ya kiti. Mvuke huo ukigusa kioo baridi hugeuka matone madogo, kama chupa ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Ukitaka kujua ukungu uko upande gani, pitisha kidole kwa ndani. Kikilowa, usihangaike na waipa, haitakusaidia kitu.

Hapo ndipo hita inapohitajika. Maji ya moto yanayozunguka katika injini hupitishwa kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo na kuielekeza kiooni. Hewa iliyopata joto hubeba unyevu mwingi zaidi, na kioo chenye joto hakitoi jasho. Katika muda mfupi dereva huona.

Mbona basi hita za magari yetu mengi hazifanyi kazi? Mara nyingi si kwa uchakavu tu, bali kwa matengenezo ya njia ya mkato. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huondoa themostati, ile kizuizi kinachosubiri maji yapate moto ndipo kiyaruhusu kwenda kwenye rejeta kubwa. Injini haichemshi tena upesi, mwenye gari hufurahi. Lakini panapo baridi injini haipati joto lake sawasawa, hula mafuta zaidi, na hita hupuliza hewa vuguvugu. Au rejeta ndogo ikivuja, fundi huunganisha mipira yake miwili na kuiacha kando, kwa hoja kwamba hita ni anasa ya Wazungu. Ufa haukuzibwa, umefunikwa tu.

Kabla ya safari, fanya uchunguzi huu mdogo. Injini ikiwa imepata joto, izime, kisha guswa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia nyuma ya dashibodi. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Kama hewa bado ni baridi, tatizo liko kwenye vipitishio vya hewa. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, njia imeziba au valvu imefungwa. Yote miwili ikiwa baridi, shuku maji yaliyopungua au themostati iliyoondolewa. Feni isipovuma kabisa, anza na fyuzi. Na ukiona utando wa mafuta kiooni, wenye harufu tamutamu, jua kwamba rejeta ndogo inavuja. Kifuniko cha rejeta kubwa usikifungue kamwe injini ikiwa moto, maana maji yake huruka na kuunguza uso.

Je, ukishikwa na ukungu njiani na hita ni mbovu? Fungua madirisha kidogo pande zote mbili, hata kama baridi inauma, ili mvuke utoke. Swichi ya hewa iweke ivute hewa ya nje, isizungushe ile ile ya ndani. Gari lenye kiyoyozi kiwashe pia, kwa kuwa hukausha hewa. Kioo kifutwe kwa kitambaa safi na kikavu, si kwa kiganja, maana mafuta ya mkono huacha utando unaong'aa kila taa inapokupiga. Wengine hupaka sabuni kidogo sana kwa ndani na kuifuta mpaka kioo kikae safi; jambo hilo husaidia kwa muda. Usimwage maji ya moto kwenye kioo baridi, kitapasuka.

Na ikiwa baada ya yote hayo huoni, simama. Usisimame kwenye kona. Tafuta mahali palipo wazi, toka njiani, washa taa za tahadhari, na mkae ndani ya gari, kwa kuwa msitu ule una nyati na tembo ambao hawaulizi nani ana haraka.

Neno la mwisho ni kwa jamaa wanaokaa viti vya nyuma. Mara nyingi mama huona kwamba dereva ameinama, anachungulia kupitia tundu alilofuta kwa mkono, naye hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa anamfundisha mwenye kazi. Asinyamaze. Aliyepakata mtoto ana haki ya kusema, "Baba, simama kwanza tufute kioo." Dereva mwema hataona amedharauliwa, ataona amesaidiwa. Na akiona vibaya, afadhali uso uliokunjwa kuliko gari lililopinduka.

Wahenga walisema, kawia ufike. Mwambie fundi airudishe themostati na kuiunganisha hita upya, kisha panda Ngorongoro ukiiona njia.