Msituambie imani yetu ni ndogo

Ndugu zetu vijana, na ninyi wa mashirika mnaotusoma,

Leo tunasema jambo linalotuuma. Sisi tunaojitolea kupokea watu wanaovuka Mpondwe, tunakaa nao Bwera na kuwasindikiza mpaka Kasese, tumechoka na maneno haya: "Unaomba miaka yote hujibiwi, basi imani yako ni ndogo."

Kuna mama mmoja wa upande wa Beni. Tangu mauaji yaanze kule Oktoba 2014 amekimbia mara tatu, na katika kukimbia huko mtoto wake alipotea. Kila asubuhi anaomba amwone tena. Juzi mhubiri mmoja akamwambia Mungu amenyamaza kwa sababu yeye hajapanda mbegu. Mama akauza blanketi na sufuria alizopewa, akapeleka pesa. Mtoto hajaonekana. Sasa mama analala kwa baridi, tena anajilaumu, ati ni yeye anayemzuia Mungu.

Huo ni wizi, hata kama umevaa suti.

Tuwaulize hao wahubiri. Tarehe 15 Januari 2023, hapo Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka, bomu lililipuka kanisani watu wakiwa kwenye ubatizo. Waliokufa pale, nao imani yao ilikuwa ndogo? Miezi mitano baadaye, usiku wa tarehe 16 Juni, waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, wakaua wanafunzi. Kwani wazazi wao walikuwa hawaombi? Kama kipimo chenu ni hicho, nendeni mkakiseme kwenye makaburi ya wale watoto.

Hana aliomba mtoto miaka mingi. Kuhani Eli alimwona anachezesha midomo bila sauti, akadhani amelewa. Mungu alikuwa anasikia. Aliyeshindwa kuelewa ni kuhani.

Hatusemi kila ombi litajibiwa tunavyotaka. Kwa nini huyu anapata na yule anangoja, hatujui, na anayesema anajua anatudanganya. Tunachoshika ni hiki: kungoja kwako hakuonyeshi kwamba Mungu hakusikii. Yule mama ameporwa nyumba, shamba, hata blanketi, lakini maombi yake ya asubuhi hakuna aliyeweza kuyachukua.

Na ninyi wa mashirika, msicheke pembeni ati wakimbizi wanaomba tu, hawafanyi kitu. Yesu alipofundisha watu wasichoke kuomba, alitoa mfano wa mjane aliyemrudia hakimu mpaka akasikilizwa. Aliyechelewesha pale ni hakimu. Basi angalieni na faili zilizolala mezani kwenu.

Yule mama tulimsindikiza kwa Msalaba Mwekundu, jina la mtoto likaandikwa kati ya wanaotafutwa. Aliomba kabla ya kutoka, akaomba tena njiani. Hakuona kwamba hayo ni mambo mawili.

Kijana mwenzetu, ukiwa na jirani kama huyo, usimpe mahubiri. Mtafutie blanketi. Mpeleke ofisini, na kesho mrudishe tena. Akipiga magoti, kaa naye. Akisema amina, nawe itikia.