Mmewakataza Watoto, Mmewapa Nini?



Baba mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, alinijia baada ya sala ya Isha akilalamika. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba, harudi nyumbani ila usiku wa manane. Yu katika majumba ya ngoma na ulevi. "Sheikh, nimemkataza mpaka nimechoka." Nikamwuliza, "Umemkataza nini?" Akahesabu: sinema, nyimbo, simu, marafiki. Nikamwuliza tena, "Na wewe mwenyewe umemtembeza wapi?" Akanyamaza. Kumbe nyumba yake inakaribiana na ngome ya Fort Jesus, wala hajamwingiza mwanawe humo hata siku moja.

Kosa hili si lake peke yake. Ni letu sote, na sisi walimu tu mbele. Tumekuwa hodari wa kusema "haramu", na tukishasema twaenda zetu kulala. Mtoto haishi kwa makatazo matupu. Nafsi yataka kupumzika, na mji mkubwa hauna subira: usipomwonyesha mwanao mlango wa halali, wa haramu u wazi, wala haungoji hodi.

Wako watakaosema, "Sheikh leo ahalalisha upuuzi." La hasha! Ulevi ni haramu, na uchafu ni uchafu, hapo sina mjadala na mtu. Lakini je, hamkusoma katika Bukhari kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha kwa nguo yake, akasimama naye atazame mpaka atosheke mwenyewe? Wewe una shughuli gani iliyo kubwa kuliko ya Mtume hata ukose nafasi ya kusimama na watu wa nyumba yako?

Basi mchukue mwanao Ngomeni. Mweleze kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kuwa Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hata wakaitwaa 1698. Kuwa Mwingereza aliigeuza jela, na tangu 1962 ni makumbusho. Mteremshe Bandari ya Kale, palipokuwa pakitia nanga majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Mwonyeshe milango ya nakshi, umwulize ni mikono ya nani iliyoichonga. Jioni msomee mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyewatetea Mazrui kwa ulimi wake mbele ya Sayyid Said, ajue kuwa ufundi wa maneno ulikuwako hapa kabla ya redio.

Na binti yako je? Au yeye hana macho? Mchukue pia. Bibi Aisha alikuwa mwanamke.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ada ya mwalimu huyo ni ghali. Toa saa mbili za Jumapili. Ukizinyima, usinijie tena usiku kulalamika.

Wabillahi tawfiq.