Usiharibu Maandiko ya Udongo



Samaki wengine wa soko za Lubumbashi na Likasi wanatoka Bukama na maziwa ya muto Lualaba. Njia hiyo kati ya muto na machimbo ni ya zamani kuliko gari la moshi, lililofika Bukama mwaka wa 1918. Ushuhuda wake uko ndani ya udongo, kandokando ya ziwa Kisale, pahali panapoitwa Sanga.

Mwaka wa 1957 na 1958, wenye elimu ya vitu vya kale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walichimba pale. Kiisha, tangu 1974, Pierre de Maret akaendelesha kazi. Walikuta makaburi mengi. Wafu walizikwa pamoja na vyungu vizuri, vyombo vya chuma, ndoano na bangili za shaba. Makaburi ya watoto yalikuwa na vyungu vidogo-vidogo. Mama, fikiri kidogo: miaka 1000 hivi iliyopita, kuna mutu aliyefinyanga chungu kile kwa ajili ya mutoto.

Na shaba? Kule Kisale hakuna machimbo yake. Ilitoka kusini, pande zetu hizi, safari ya siku nyingi kwa miguu. Kuanzia karne ya 14 hivi, makaburi yana misalaba ya shaba. Ya kwanza ilikuwa mikubwa, juu ya kifua. Nyuma ikawa midogo, mingi, ya kipimo kimoja, karibu na mikono ya mufu. Ndiyo sababu wenye elimu wanasema kwamba pole pole iligeuka kuwa feza.

Hapa vijana wengine wanakosea. Mumoja anasema: “Ona, wazee walikuwa Wakristo mbele ya wamisionere!” Hapana. Ile haiko musalaba wa Kanisa. Ni namna yao ya kumimina shaba. Mwingine anasema: “Hii njo bintu ya bafu, tuuzishe ao tutupe.” Hapana tena. Kutunza chungu cha nkambo si kukiabudu.

Wewe mutoto wa machimbo unafahamu jambo hili: jiwe likifika kwa muhandisi bila kujua limetoka shimo gani, haliwezi kumufundisha kitu. Ni vile vile hapa. Musalaba ukiuzwa kwa kilo, ni shaba ya kuyeyusha tu. Lakini kama tunajua ulikuwa kifuani ao mukononi, unatueleza maisha ya watu wasioacha kitabu. Pahali pake njo maandiko yake. Ukiung'oa kwa haraka, umepasua ukurasa, na hakuna wa kuuandika tena.

Basi, ukilima shamba, ukichimba udongo wa matofali ao musingi wa nyumba, na ukute vyungu ao mifupa ya zamani, fanya hivi:
1. Simamisha kazi pale. Usitoe kitu.
2. Weka alama ya mawe ao miti.
3. Julisha mukubwa wa mugini na administrateri wa teritware. Sheria ya 1971 juu ya mali ya utamaduni inataka hivyo.
4. Usiuzishe kwa wafanya biashara wanaopita.

Lakini si kila ukumbusho uko chini ya udongo. Katika migini mingi ya muto, kibao cha historia ni kichwa cha muzee. Yeye anajua jina la kivuko, makaburi ya kwanza, na sababu ya jina la mugini. Yoshua aliweka mawe 12 ya Yordani ili watoto waulize maana yake (Yoshua 4). Mawe peke yake hayasemi. Lazima mutoto aulize na muzee ajibu. Kijana, likizo hii kamata kaye na kalamu, ukae karibu na nkambo, uandike.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani:
– Jina la mugini wetu linatoka wapi?
– Ni nani kati ya wazee wetu hatujamuuliza bado?
– Tukienda Lubumbashi, tutapeleka watoto lini kwenye muzee ya vitu vya kale?